Chombo Kilichokosa Harufu

Kabla ya alfajiri kibuyu kilianza kusukwa jikoni. Sauti ilipita kwenye ukuta wa mbao, ikaenda, ikarudi, ikaenda, ikarudi, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyelia. Inspekta Pétronille Kahindo, aliyekuwa amelala na nguo zake kwenye kitanda cha wageni, alifumbua macho akasikiliza. Alikulia Butembo, kwa watu wa maduka na malori, si kwa wafugaji. Lakini kazi ya polisi ilikuwa imemlaza katika nyumba nyingi za Masisi, na alijua kwamba maziwa yakisukwa hugonga kibuyu kwa uzito. Haya yalichapa mepesi. Ndani ya kibuyu mlikuwa na maji tu.

Aliinuka, akajifunga kitenge, akaenda jikoni. Mama mzee Nyiransabimana alikuwa ameketi karibu na moto, kibuyu kimelala mapajani mwake.

"Umelala, mama inspekta?"

"Nimelala, koko," alijibu, akimwita bibi kama wajukuu wake wanavyomwita. "Unasuka maji?"

"Maji, ndiyo. Ngombe walienda na vita, alibakia mumoja tu, naye hana maziwa sasa. Kibuyu kikikaa kikavu kinapasuka. Straton akirudi, atakuta nini?"

Straton alikuwa mjukuu wa mama huyu, fundi wa jibini hapa Kirolirwe. Tangu Ijumaa ya wiki iliyopita alikuwa kwenye cachot, mahabusu ya polisi ya Masisi, kwa kosa la kumuua mtu aliyekuwa akilala kwenye kitanda kile kile alichotoka Pétronille. Jumamosi kamyo, lori kubwa, ingewachukua wafungwa kuwapeleka Goma. Mwaka ule wa 2010, aliyepelekwa Goma bila mtu wa kumfuatilia alikaa gerezani mpaka jina lake lisahauliwe. Leo ilikuwa Alhamisi.

Mama mzee aliweka kibuyu chini, akamsogezea beseni. Maji yalikuwa ya moto. Kando ya beseni palikuwa na kipande cha sabuni.

"Iko ya marehemu," alisema. "Aliniachiaka. Nawa tu. Hataikatala."

Marehemu aliitwa Stéphane. Alikuwa assistant, mwalimu msaidizi wa chuo kikuu huko Goma, mtu wa miwani na viatu vizito, akiandika kitabu chake cha mwisho cha masomo. Alichunguza kampuni za nyakati za vita: mashamba na ng'ombe vinavyogeuzwa karatasi, karatasi zikauzwa kwa watu ambao hawajawahi kuyaona mashamba yenyewe. Hapa Kirolirwe alikuwa akichunguza shirika la jibini. Wanawake waliokuwa wakienda shambani walimkuta Alhamisi iliyopita chini ya daraja la njia ya Nyamitaba, kichwa kimepasuka, mfuko ungali mgongoni.

"Alikuulizaka nini, koko?"

"Ulizo moja, kila siku, kama mutoto. Mwenye mali ni nani, na mwenye neno ni nani. Mimi nikamuambia, kwetu mwenye ngombe njo mwenye neno. Akaandika. Hata mambo ya mwanamuke muzee aliandika." Alisukuma kuni ndani ya moto. "Alininunulia chumvi. Hakuna aliyemutuma."

Pétronille alinawa uso, akaleta gunia lake la vielelezo. Alitoa kwanza viatu vya marehemu. Hivyo ndivyo vilivyomleta hapa. Commandant Nestor, mkuu wake, alisema mwanzoni ni wezi wa njia. Lakini wezi wa Masisi huanza na viatu, na viatu vilikuwa miguuni. Pétronille alipitisha ncha ya kisu kwenye mshono wa soli. Udongo ulianguka kwenye kiganja chake, mwekundu kama tofali. Udongo wa Kirolirwe ni mweusi, umetoka kwenye volkano.

"Kabla ya kufa alitoka wapi?"

"Alienda upande wa Masisi, akapitiliza. Sikujua wapi. Alirudi siku ya tatu, magharibi, amechoka sana. Nikamupashia maji. Akalala na mufuko wake kichwani. Hakuufungua hata kidogo. Asubuhi, mimi niko kwenye kibuyu, akapita, akasema, koko, leo nitajua nani iko na neno. Akaenda."

"Straton alikuwa wapi?"

"Chumba cha fromaji. Yeye anaamka mbele ya kuku."

"Watu wanasema waligombana."

"Waligombana, nilisikia. Stéphane aliacha mulango wa chumba wazi, nzi wakaingia. Straton akapiga kelele. Magharibi walikula sahani moja." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Kwa nzi, mama, muntu hauwagi muntu."

Pétronille alitoa kielelezo cha pili. Kilikuwa chombo cha mti, kirefu kiasi cha mkono, chenye kifuniko, kama vile wafugaji wanavyokamulia maziwa. Wao hukiita icyansi. Kilitolewa ndani ya mfuko wa marehemu. Isidore, gérant, yaani meneja wa shirika la jibini, alikuwa ameeleza kwamba ni chombo cha urithi cha nyumba hii, kwamba Stéphane alikiiba akakionyeshe wazungu, na kwamba Straton alimfuata kwa hasira. Mbele ya Commandant Nestor hayo yalitosha.

Mama mzee alikitazama bila kukigusa. Kisha akainuka, akatoa chombo chake mwenyewe juu ya dari ya jikoni, akakiweka kando. Mwanga wa moto ulitosha. Kifuniko cha chombo chake kilikuwa cha majani yaliyosukwa, kina ncha kama paa la nyumba. Cha pili kilikuwa kipande cha mti, bapa.

Pétronille aliinama akanusa chombo cha mama mzee. Moshi, siagi ya zamani, majani ya kufukizia. Akanusa kile cha gunia. Hakikuwa na kitu ila mti, na mti wenyewe ulikuwa mchungu mpaka kooni.

"Unakifukiza bado?" aliuliza. "Hata bila maziwa?"

"Kila posho, kila juma. Nikiacha, kitakuwa mti tu." Mama mzee aligusa kile kigeni kwa kidole kimoja. "Hiki kimezaliwa mti, kikabakia mti. Nani alikuambia iko ya kwetu?"

"Isidore."

"Isidore?" Alifikiri kidogo. "Isidore alikunywaka maziwa kwa hiki cha kwangu, tangu hana meno. Mama yake alikuwa mugonjwa. Nilimulisha hapa."

Alisema hayo kama anavyosema mtu habari za mvua, akarudisha chombo chake juu ya dari.

*

Ofisi ya shirika ilikuwa mbele, chumba cha kukomazia jibini nyuma. Pétronille alipita nyuma kwanza. Jibini zilikuwa zimepangwa kwenye mbao toka chini hadi juu. Aliinua moja. Upande wa chini ulikuwa umelowa na kuota ukungu wa bluu. Hakuna aliyezigeuza tangu Straton akamatwe.

Isidore alimkuta pale. Alikuwa mtu safi wa miaka arobaini na kitu, amevaa kofia ya ngozi.

"Mama inspekta, karibu. Nikukatie kipande? Watu wa Butembo munapenda vya bure."

"Tunapenda vya bure vikiwa vizuri. Hivi vimeoza upande moja."

Alicheka kidogo. Waliingia ofisini. Pétronille aliweka karatasi ya maelezo juu ya meza, akaandika tarehe.

"Nieleze mukutano wenu wa mwezi uliopita. Polepole, mimi si mutu wa ngombe."

"Iko mwepesi. Bazee walioanzisha shirika, wengi hawakujua kuandika. Kwa hiyo anayeleta maziwa njo mwanachama. Siku ya mukutano kila moja anakuja na chombo chake, anakiweka mbele. Akikubali, anakifunika. Akikatala, anakiacha wazi. Chombo moja, sauti moja."

"Na mwezi uliopita muliulizwa nini?"

"Kubadilisha kanuni. Zamani sauti ilifuata maziwa. Sasa itafuata hisa."

"Hisa ziko na nani?"

"Washirika wa Goma. Na wengine mbali zaidi. Mama, maziwa haina tena. Vita vimekula ngombe. Lakini malisho bado iko. Malisho inaweza kuwekwa rehani, karatasi yake inaweza kuuzwa, kampuni ikapona. Njo vile dunia inafanya."

"Hao wa Goma wamekwisha kuona malisho?"

"Hawana lazima."

"Na wanachama walikubali."

"Salle nzima, vyombo vyote vilifunikwa."

Pétronille aliandika. "Wanachama wengi wako kambini. Wengine walikimbilia Ngungu. Walikuja na vyombo vyao?"

"Walikuja."

"Muntu akikimbia, anabeba mutoto na sufuria. Anabeba na chombo cha maziwa?"

"Kwa watu wetu, ndiyo." Isidore alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Ndugu Stéphane alikuwa pale, alikaa nyuma, aliona yote. Hakusema kitu."

"Hakusema kitu siku ile."

Pétronille alitoa chombo kwenye gunia, akakiweka katikati ya meza.

"Hiki unakijua?"

"Nilisha kusema. Iko cha mama Nyiransabimana. Nilikulia pale."

"Na kifuniko?"

"Hicho hicho. Cha mti. Tangu zamani."

"Una hakika?"

"Mama, nilikunywa mule."

Alimsomea maelezo yake toka mwanzo hadi mwisho, bila kubadilisha sauti. Isidore akatia sahihi. Mkono wake ulikuwa imara. Alipomsindikiza mlangoni aliuliza kama ana mwavuli, kwa sababu mvua ilikuwa njiani, na hakuwa akijifanya: alimpa wa kwake. Pétronille aliupokea. Alikuwa ameona watu wa namna nyingi wakimpa miavuli.

*

Kutoka Masisi kwenda Walikale gari halikupita tena. Alimpata Papa Jules, Munande mwenzake wa Butembo, aliyepeleka chumvi na betri kwa moto, pikipiki yake, mpaka vijiji vya msituni na kurudi na mafuta ya mawese. Jules alikuwa na rozari kwenye usukani na mdomo usiofungwa.

"Dada, mutu anayetafuta udongo mwekundu, hapa kwetu ni kama kutafuta maji ziwani. Walikale yote iko mwekundu. Utapanda nyuma yangu mpaka Kisangani?"

"Natafuta udongo na fundi wa miti."

"Fundi wa kuchonga nini?"

Alimwonyesha chombo. Jules alikigeuza, akakigonga kwa kidole cha kati, akasikiliza kama anayepima nazi.

"Huu mti, unajua ni nini? Ni wa vinu. Mwenye kinu cha mti huu anamwachia mukwe wake urithi. Nenda kwa Séraphin, mbele ya Kibua. Vinu vyote ninavyouza vinatoka kwake." Alikirudisha. "Lakini hiki si kinu. Fundi atakuwa alikuwa mulevi."

Walilala Nyabiondo kwenye nyumba ya masista. Ijumaa asubuhi walivuka vizuizi, kimoja cha jeshi, vingine vya watu wasiosema ni vya nani. Kwenye kimoja askari mwenye jicho bovu alitazama gunia, akatoa viatu vya marehemu, akaviangalia muda mrefu.

"Vya nani?"

"Vya mutu aliyekufa. Natafuta aliyemuua."

"Utamupata?"

"Sijui."

Askari alikuwa amevaa ndara zilizoshonwa kwa waya. Alivirudisha viatu ndani ya gunia, kimoja kwa kimoja, akaifunga kamba yeye mwenyewe.

Mbele ya hapo nyasi ziliisha, msitu ukaanza, na njia ikawa nyekundu. Moto ulizama mpaka ekseli. Walitembea.

Séraphin alikuwa na baraza la vinu nusu nusu, vingine vingali na magome. Alikuwa mtu mfupi, mtulivu. Mkewe hakuuliza walikuwa nani kabla ya kuwapa maji, na alipoona kisigino cha Pétronille kikivuja damu alienda nyuma ya nyumba, akarudi na majani yaliyotwangwa.

Pétronille aliweka chombo chini, karibu na mguu wa fundi.

"Papa, hiki unakijua?"

"Najua. Mimi njo nilikichonga." Alipitisha kidole gumba kwenye mdomo wa chombo, kisha chini, akasimama pahali. "Hiki hapa kilipasuka, nikaziba na utomvu. Ona. Kwa hiyo sikumupatia mwenye kuagiza. Kilibakia hapa."

Pétronille alipiga magoti, akaona mstari wa utomvu, mwembamba kama uzi. Alikuwa amekibeba siku zote hizo bila kuuona.

"Mwenye kuagiza ni nani?"

"Bwana moja wa Masisi, iko na kofia ya ngozi. Alijiita Isidore. Aliniletea kimoja cha wafugaji, akasema nichonge kama kile. Vingi. Moto zilikuja kubeba mara na mara. Alisema iko sherehe ya ndoa."

"Na vifuniko?"

"Kile chake kilikuwa na kifuniko cha majani. Mimi kusuka sijui. Nikaweka mti." Séraphin alitazama mikono yake. "Nilimuambia ukweli, mama. Nilimuambia, huu mti iko muchungu, maziwa itaharibika, chukua mti mwingine, ngoja. Hakutaka kungoja. Akacheka. Akasema, usihangaike, mule ndani maziwa haitaingia."

Jules, aliyekuwa akichokonoa matope kwenye moto, aliacha kuchokonoa.

"Hiki kilichopasuka," Pétronille aliuliza, "kilitokaje hapa?"

"Nilimupatia kijana wa miwani. Alikuja wiki iliyopita, kwa miguu, peke yake. Naye aliuliza vilevile kama wewe. Aliona vile vifuniko kwenye mukutano, akauliza sokoni Masisi ni mti gani, wakamuelekeza kwangu. Alikaa hapo ulipo. Bibi alimupa ndizi. Alisaidia kupasua kuni, vibaya sana." Mkewe alicheka kidogo, mkono mdomoni. "Alitaka kulipa chombo. Nikasema chukua tu, kimepasuka. Iko wapi sasa?"

Pétronille alimwambia.

Mke wa Séraphin aliingia ndani. Fundi alichukua tezo lake, akaliweka, akalichukua tena.

"Papa, naandika haya uliyosema. Utaweka kidole?"

"Wa kofia anajua kwangu."

"Anajua."

"Na wewe utarudi Masisi, mimi nitabakia hapa."

"Ndiyo."

Hakumwahidi ulinzi. Hakuwa nao. Alimwambia kuhusu Straton, kwamba yuko kwenye cachot, kwamba ni fundi kama yeye, na kwamba kesho kamyo itaondoka. Kisha akaandika maelezo polepole, akayasoma kwa sauti. Séraphin alisikiliza mpaka mwisho. Alirekebisha neno moja tu: hakusema "nilimwonya", alisema "nilimuambia". Pétronille akafuta, akaandika upya.

Fundi alipaka kidole wino, akakibonyeza kwenye karatasi, akakiangalia kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Masisi sitaenda," alisema. "Lakini kidole kinaweza kwenda."

*

Jumamosi asubuhi kamyo ilikuwa uani mwa polisi ya Masisi, injini ikiwaka. Wafungwa walikuwa wamekwisha kupanda. Straton alikaa nyuma kabisa, kijana mrefu, mabega yamekunjwa, mikono imefungwa mbele kwa kamba ya mkonge.

Commandant Nestor alisimama mlangoni mwa ofisi na kikombe cha chai.

"Pétronille, umechelewa. Na uko na matope mpaka kwenye masikio."

"Nakuomba dakika chache, commandant."

"Dereva anataka kupita Sake na mwangaza."

"Ni ulizo tu."

Waliingia. Aliweka mezani chombo, maelezo ya Isidore, maelezo ya Séraphin. Nestor alisoma yale ya kidole huku akinywa.

"Muchonga vinu wa msituni anasema gérant alinunua vyombo. Kununua vyombo si kuua. Hata kudanganya mukutano kwa vyombo vya watu wasiokuja si kuua. Hiyo iko mambo ya kampuni, wenye hisa wataamua."

"Sawa. Tuache mukutano. Mufuko wa marehemu nani aliufungua?"

"Mimi. Hapa mezani."

"Siku gani?"

"Ijumaa. Maiti ilifika Ijumaa, mufuko umefungwa, kamba haijaguswa. Wewe ulikuwa Nyamitaba."

"Na Isidore aliongea na wewe juu ya chombo lini?"

"Alinipigia simu…" Nestor aliweka kikombe chini. "Alipiga Alhamisi. Jioni. Siku ile waliyomuona."

"Alisema nini?"

"Alisema, angalieni ndani ya mufuko, mutaona chombo cha mama muzee."

"Maiti ilikuwa wapi Alhamisi jioni?"

"Chini ya daraja bado. Vijana walishuka na kamba Ijumaa."

Pétronille aligeuza chombo, akamwonyesha mstari wa utomvu.

"Chombo hiki kilipasuka Walikale, hakikufikaka mikononi mwa Isidore. Stéphane alikileta Jumatano magharibi ndani ya mufuko, hakuufungua kwa mama Nyiransabimana. Asubuhi alitoka, akasema leo atajua nani iko na neno. Alikufa na mufuko mugongoni, mahali mutu peke yake hawezi kushuka. Isidore alikiona lini?"

Nje dereva alipiga honi.

"Stéphane alimuonyesha," alisema Nestor. "Pale darajani."

"Alimuonyesha. Alitaka kusikia jibu lake kwanza, kabla ya kuandika. Njo vile alifanyaka na watu wote."

Commandant alifungua dirisha, akamwambia dereva angoje. Kisha akapiga simu Kirolirwe. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema tangu lini, akakata.

"Isidore aliondoka jana. Wenye hisa wamemuita Goma, kwenye conseil, baraza lao. Wanasema atakuwa mukubwa wa kampuni yote." Alisugua macho. "Hao watu wa Goma, Pétronille, hatutawafikia. Unajua."

"Najua. Sikuja kwa ajili yao."

"Nitamushusha Straton kwenye kamyo. Kumuachilia, hapana. Ataachiliwa siku Isidore atakaa kwenye hicho kiti mbele yangu. Nitaomba mandat ya kumukamata."

"Itachukua muda gani?"

Nestor alichukua kikombe, akakuta chai imekwisha.

Yeye mwenyewe alitoka kwenda kumshusha kijana. Alimshika kiwiko asianguke, kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi, akamwambia askari amfungue mikono. Kamyo iliondoka na wengine. Hakuna aliyepunga mkono.

Cachot ilikuwa chumba kimoja chenye tundu la mraba mlangoni. Pétronille alisimama pale. Jules alikuwa amemwachia mkate na ndizi, hakusema ni za nani; alizipitisha kwenye tundu. Alimweleza Straton yote kwa maneno machache: chombo, Walikale, simu, Goma. Straton alisikiliza akisugua viganja vyake.

"Kwa hiyo sitaenda."

"Hautaenda. Lakini hautatoka bado."

"Isidore alilalaka na mimi kitanda kimoja," alisema Straton. "Nilipokuwa mutoto." Alikata ndizi katikati, akaweka nusu kando. "Fromaji, nani anazigeuza?"

"Hakuna."

"Zitaoza chini. Na koko?"

"Iko muzima. Alinipashia maji."

"Anasuka bado kibuyu?"

"Anasuka. Nilimusikia mbele ya alfajiri."

Straton alitikisa kichwa taratibu. Kwenye uso wake hapakuwa na furaha wala huzuni, macho tu yalikuwa yamefunguka kidogo kuliko uani. Pétronille alifunga gunia lake. Alikuwa na mandat ya kufuatilia, na mwavuli wa mtu wa kurudisha.

"Mama inspekta."

Aligeuka. Vidole vya kijana vilikuwa vimeshika ukingo wa tundu.

"Urudi tena. Hata kama hauna habari. Urudi tu."